Samaki wa Wakati wa Sala

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mamdogo Jalila,

Najua barua hutanguliwa na salamu, lakini nikianza na salamu nitaimaliza karatasi kwa salamu na jambo lenyewe nitalikimbia. Kwa hiyo naliandika kwanza, kisha nitakuamkia. Jana nilimuona Babu akimtundika samaki kwenye ndoana ya mtu mwingine. Sijamwambia yeyote, hata Mama. Nimelala nalo na nimeamka nalo.

Sasa shikamoo, Mamdogo. Hujambo wewe, na Bamdogo hajambo? Huko Kalokol mvua imenyesha au bado mnaisikia kwa redio? Sisi tuko salama. Mama ana kazi nyingi ya kushona sare za shule, cherehani haipoi. Mgongo unamuuma lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayetia vifungo. Babu hajambo, anatembea kama kijana. Mimi nasubiri chuo kifunguliwe Septemba. Simu yangu mwenyewe bado sina, ya Mama huzungukwa na masikio, na hata ningekuwa nayo, unanijua. Kwenye simu sauti yangu hufa. Ndiyo maana naandika.

Huenda hujui kwamba Babu, ambaye bado ndiye mwenyekiti, amenifanya katibu wa Shirikisho la Mshipi. Katibu aliyekuwepo alihamia Nairobi na kila aliyeombwa alikuwa na udhuru. Babu akasema, "Tumpe Dhahabu. Hapendi kusema. Katibu asiyesema ni neema." Watu walicheka, na mimi nikawa katibu.

Wewe uliacha shirikisho likiwa na vilabu mpaka Kilifi. Sasa vimebaki vitatu: chetu cha Likoni, cha Kisauni chenye watu wa Magogoni na Mjambere, na cha Changamwe cha Bi Ruth, yule mama mwenye hoteli ya madereva wa malori pale Miritini. Katiba inasema vilabu vikiwa chini ya vitatu hakuna shirikisho. Inasema pia kila klabu ilete wavuvi watano siku ya Kombe la Agosti, la sivyo imejitoa. Wazee wanakufa, vijana wanasema kusimama ufuoni kutwa na mshipi ni kazi ya asiye na kazi. Kila mwezi Babu huhesabu watu kama mchungaji anayehesabu mbuzi jioni.

Na kuna jambo langu. Mwezi wa tisa Tanga wanaandaa mashindano ya vijana, na wametuandikia tupeleke wawili. Mmoja ni mimi. Mimi, Mamdogo, ambaye shuleni sikuwahi kuitwa mbele ila kufuta ubao. Nilichaguliwa kwa sababu ya samaki, changu niliyemvua baada ya Ramadhani, mkubwa kuliko wa vijana wote. Mama alimpika kwa nazi na jirani wakaitwa. Shirikisho likifa, hakuna Tanga.

Nirudi kwa jana, siku ya mashindano yetu ya mwezi. Desturi unaijua: adhana ya adhuhuri ikilia, mashindano hayasimami. Wanaoswali huiacha mishipi majini na kwenda msikitini, na samaki akila wakati wa sala ni halali ya mwenye mshipi. Babu hubaki kuilinda, ataswali baadaye peke yake. Nilikuwa naona ni ihsani. Lakini Babu hakosi sala ya jamaa hata akiwa na homa, ila siku ya mashindano tu. Na jana mimi sikwenda msikitini. Zilikuwa zile siku zangu za kutoswali, wewe ni mwanamke utanielewa. Niliketi nyuma ya mti wa mvinje, nimejifunika leso kwa jua. Babu alidhani ufuo wa upande ule ni mtupu.

Alifunua ile ndoo yake ya chambo iliyofunikwa gunia bichi. Akatoa changu mzima, anapigapiga mkia. Akauvuta mshipi wa Bwana Ahmad wa Magogoni, akamtia samaki ndoana mdomoni, akaingia maji mpaka kiunoni na kumwachia. Kisha akarudi akakaa, akafuta mikono kwa mchanga. Bwana Ahmad aliporudi rodi yake ilikuwa inainama. Alipiga kelele, "Jamani! Dua yangu haijafika hata dari, jibu limeshakuja!" Babu akampigia makofi kuliko watu wote.

Kwa nini, Mamdogo? Babu na Bwana Ahmad wana nini? Na siku ya changu wangu, mimi nilikuwa msikitini. Wewe pia uliwahi kuwa katibu, na bingwa pia. Lazima unajua kitu. Niambie.

Mpwa wako,
Dhahabu


Kalokol
25 Mei 2025

Mpendwa Dhahabu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya vikombe vya chai, nadhani ilipumzika Kitale kwenye meza ya mtu. Sisi hatujambo. Mvua ilinyesha siku moja, ikatuharibia barabara na haikurudi kuomba radhi. Bamdogo wako anakusalimu sana. Anapima samaki wa watu ziwani na jioni ananuka sangara hata baada ya kuoga. Mimi nina duka langu. Nauza nyavu, sabuni, sukari. Mishipi siuzi.

Nimefurahi kusikia Mama yako ana kazi. Mwambie ile kanda ya kupimia niliyoondoka nayo bado ninayo, sikuiiba, nilisahau. Na hongera kwa matokeo yako na kwa Tanga. Tanga ni mji wa watu wa adabu, utaupenda. Beba viatu vya kufunga, ufuo wao una mawe.

Unaniuliza kuhusu Babu. Baba yangu ni mtu mwema, Dhahabu. Alitulea bila mama na hatukulala njaa. Watu waliopoteza kazi bandarini aliwaita ufuoni, akawapa mshipi na kigingi chenye namba, wakajiona watu tena. Usilisahau hilo unapomtazama. Mtu akitazamwa sana, hata anapofunga kamba ya kiatu huonekana mwizi.

Pengine alikuwa anarekebisha mshipi. Pengine samaki alikuwa ameshakula na yeye alimshika asichomoke. Jua la adhuhuri hudanganya macho, hasa ukiwa umejifunika leso.

Ushauri wangu ni mmoja. Ulichokiona ufuoni kiache ufuoni. Nenda Tanga, kisha nenda chuo. Na siku usiposwali, usikae ufuoni. Kaa nyumbani.

Nimetuma kahawa kidogo kwa Babu. Usimwambie imetoka kwangu, sema imetoka kwa Bamdogo.

Mimi,
Jalila


Mtongwe, Likoni
8 Juni 2025

Mamdogo,

Shikamoo. Idi imepita salama, tulichinja pamoja na jirani. Mama amecheka sana kuhusu kanda, amesema alimsingizia fundi wa pili na hawajasemezana tangu hapo. Kahawa imefika. Babu aliinusa akasema, "Bamdogo wako hajui kuchagua kahawa hivi." Tangu hapo anainywa peke yake, hamkaribishi mtu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na sitakuficha, haikunituliza. Umeandika kwamba alikuwa anarekebisha mshipi. Mamdogo, mimi nilikuandikia kwamba alitoa samaki kwenye ndoo. Kuhusu ndoo hukusema neno. Umeniambia nisikae ufuoni siku ya kutoswali. Kama hakuna kitu cha kuonwa, kwa nini nisikae?

Basi nimeanza kumtazama. Tarehe 31 tulikuwa na mashindano. Niliswali, lakini nilirudi kabla ya wote. Babu alikuwa ameketi, suruali imelowa mpaka kiunoni. Nikamuuliza, "Babu, umeoga?" Akasema, "Mwani umeziba mishipi yote, bibi. Nani atautoa, serikali?" Siku hiyo wakati wa sala walipatikana samaki watatu. Mmoja wa Bwana Ahmad tena, na wawili wa wazee wa Mjambere ambao tangu Januari hawajavua hata kaa.

Jioni nikiwa namtengea chakula nilijaribu tena. Nikasema, "Babu, mbona samaki hula sana watu wakiswali?"

"Ufuo umetulia. Hakuna anayekohoa, hakuna anayemsengenya mwenziwe."

"Changamwe wao wapo pale pale hawaswali, na samaki wao hawali."

Akaacha kutafuna. "Samaki hawana dini, Dhahabu, lakini wana heshima. Nipe pilipili."

Sasa naona nimeelewa sababu, na naomba uniambie kama nimekosea. Si rushwa. Babu anawapa samaki wale wanaotaka kuondoka. Aliwahi kusema mbele yangu, "Mtu akirudi kwake mikono mitupu mara tatu, ya nne mkewe humkataza." Bwana Ahmad alikuwa ameshasema atahama kwenda kufuga kuku. Tangu samaki waanze kumjia, kuku hawatajwi. Lakini Changamwe ni Wakristo, hawatoki kwenye rodi zao adhuhuri, kwa hiyo Babu hana nafasi ya kuwapa. Vigingi vyao viko nyuma ya miamba, huku hawaoni. Wanachoona ni mizani tu, kila mwezi wao wa mwisho. Wawili wameshaacha. Bi Ruth aliniambia juzi kwa mzaha, "Katibu, samaki wa Likoni wamesilimu wote?" Alikuwa anacheka kwa mdomo, macho hayakucheka. Amebaki na wanne. Asipompata wa tano, siku ya Kombe anahesabiwa amejitoa. Babu anawashikilia Kisauni kwa mkono mmoja na kuwasukuma Changamwe kwa mwingine, na hajui.

Nami kila nikiisafisha rodi yangu kwa ajili ya Tanga najiuliza kuhusu changu wangu. Ningemtazama mdomo, labda ningejua. Tulishamla.

Nakuuliza mambo mawili, na tafadhali usinijibu kwa viatu. Ulijua? Na kwa nini uliondoka? Mama husema ulifuata mume. Lakini Bamdogo alikuwa na kazi Mombasa wakati ule, nimemuuliza Mama, akaniambia nimalize kupasi.

Wako,
Dhahabu


Kalokol
29 Juni 2025

Dhahabu mwanangu,

Natumai mko wazima. Hapa hatujambo, ila upepo umeng'oa mabati mawili ya duka, tumeyarudisha kwa mawe. Bamdogo ana jicho jekundu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Barua yako niliipata upesi, ni mimi niliyekaa nayo. Nilianza kukujibu mara mbili nikachana. Nilitaka kukuandikia tena habari za Tanga.

Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba ndoo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Babu aliniambia, "Jalila, wewe una miguu myepesi, majini huonekani." Samaki tulikuwa tukiwachukua alfajiri kwa wenye mitego ya madema, wakiwa wazima, na kuwabadilishia maji njiani. Sikuona ubaya. Nilikuwa nikiona mzee aliyeachishwa kazi anavyorudi kutoka msikitini na kukuta rodi yake inacheza, nalia kwa furaha, wallahi. Na nilikuwa bingwa wa wanawake miaka ile. Kombe liko pale kwenu juu ya kabati. Sijui hata leo kama lile kombe ni langu. Babu huniapia. Naye nimemuona akiwaapia wengine vilevile.

Kisha siku moja mtu wa Kilifi alinikuta ndani ya maji nimeshika mshipi usio wangu. Alinishika mkono akanitoa mpaka kwenye turubai la kupimia samaki, mbele ya watu wote. Wakauliza nani amenituma. Nilimtazama Baba. Nilikuwa na hakika atasema. Yeye alitazama bahari, kama anayetafuta mashua. Kisha akasema, "Ni mtoto wangu. Mtanisamehe. Nitamuonya." Watu walimhurumia kwa kuwa na binti kama mimi.

Nilimngojea nyumbani aniambie kitu. Alinunua halua. Niliingoja mwaka mzima ile sentensi, Dhahabu, kisha nikamwambia Bamdogo wako atafute kazi mbali na bahari.

Mama yako anajua nusu. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu wewe unampenda, na mimi pia nampenda, na nilidhani labda uzee umemwachisha.

Sasa nisikilize. Siku itafika watauliza, kwa sababu kila mara huuliza. Usimngojee aseme. Hatasema. Si kwamba hakupendi. Shirikisho ni mtoto wake mdogo zaidi, na mtoto mdogo ndiye hubebwa. Siku hiyo fungua mdomo wako kabla hajafungua wake. Sema ulikokuwa na ulichokiona, hata ukitetemeka. Na kabla ya hapo, adhana ikilia, ukunje mshipi wako ulale mchangani. Mshipi usio majini haupewi zawadi.

Barua hii nampa mwalimu anayeshuka pwani likizo, ataileta kwa mkono. Namuombea asichelewe.

Jalila


Mtongwe, Likoni
27 Julai 2025

Mamdogo yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, mgongo umepoa. Mwalimu alifika Jumatatu, tarehe 21. Alikuwa amepitia kwao Webuye kwa msiba. Aliomba radhi sana, nikamwambia hakuna neno. Mashindano ya Julai yalikuwa Jumamosi, tarehe 19.

Nitakueleza kama yalivyokuwa.

Asubuhi ile wenye madema hawakuwa na changu. Nimelielewa sasa, baada ya barua yako, maana nilimsikia Babu akirudi anasonya. Na mimi, Mamdogo, zilikuwa siku zangu tena. Uliniambia nikae nyumbani, lakini mimi ni katibu, mizani ni kazi yangu. Adhuhuri nilirudi palepale kwenye mvinje. Sikumtazama Babu. Nililala kabisa nikajifunika uso ili nisione.

Kwenye mizani Bwana Ahmad alikuja na samaki wake, anaimba. Alikuwa tasi. Nilimpima, nikataja uzito, nikasikia Bi Ruth anasema nyuma yangu, "Hebu." Akamchukua samaki mkononi mwangu.

"Bwana Ahmad, ulitia chambo gani?"

"Ngisi. Ngisi safi wa jana."

"Tasi anakula ngisi?"

Mamdogo, hata mimi najua tasi hula mwani, watu humnasa kwa dema. Bi Ruth akamgeuza mdomo. "Huyu hakula kitu. Huyu amevishwa ndoana kama mtoto anavyovishwa hirizi."

Ndipo palipochafuka. Bwana Ahmad alisema yeye hajui, samaki wake siku zote ni wa haki, labda wazee wa Mjambere ndio waangaliwe. Wazee wa Mjambere wakasema samaki wao ni wa haki kabisa, lakini wa Bwana Ahmad wana shaka nao tangu Aprili. Mmoja wetu wa Likoni akasema kila mtu anajua kwamba kuna samaki wa kutiliwa, ila wake yeye alimsikia akiuma. Mamdogo, kila mtu alikuwa anajua samaki wa mwenzake! Na kila mmoja aliamini wake ni wa kweli. Ningecheka kama nisingekuwa nimeshika mizani.

Bi Ruth akasema, "Mimi nataka jina. Leo nisipolipata, Changamwe haiji Agosti."

Na Bwana Ahmad, kwa kutaka kujiokoa, akasema, "Dhahabu hakwenda kuswali leo. Nilipokuwa natoka nilimuona chini ya mvinje. Na mwezi wa nne pia alikuwepo hapo."

Wote wakanigeukia. "Kwa nini hukwenda kuswali, binti?" aliniuliza mzee mmoja, kwa upole kabisa. Walikuwa wanaume kumi na ushee. Jibu nililokuwa nalo halisemwi mbele ya wanaume. Ningesema naumwa, lakini nilikuwa nimesimama mzima. Na ningesema nilichokiona, ningeanza na kueleza kwa nini nilikuwepo kukiona. Nikamtazama Babu.

Sasa nimesoma barua yako najua kwamba unajua mahali alipotazama.

Akasema, "Ni mtoto. Alitaka wazee wafurahi. Tumsameheni."

Wakanisamehe, Mamdogo. Hilo ndilo lililoniuma, jinsi walivyofanya haraka. Mzee mmoja alinishika kichwa akaniombea dua. Kisha wakakubaliana nisiende Tanga, kwa kuwa si vizuri, na ukatibu nipumzike. Babu mwenyewe ndiye aliyeandika jina la kijana wa Mjambere mahali pangu. Changamwe walisema watafikiri.

Usiku alikuja mlangoni kwangu na halua, akasema bila kuingia, "Wewe mwakani watakuwa wamesahau. Mimi wasingesahau, na wangetawanyika. Umenielewa, bibi?" Nilisema, "Abee." Halua nimempa Mama, hajui ya nini.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, kabla hajaondoka. "Changu wangu, Babu?" Akasema, "Yule wako. Wallahi." Alisema kwa haraka. Sijui, Mamdogo, na naona sitajua kamwe.

Siku tatu sikutoka nje. Barua yako ilinikuta nimelala mchana. Nililia kwa sababu ilichelewa, halafu nikalia kwa ajili yako, umri wa ishirini na mkono wako umeshikwa na mtu wa Kilifi. Unasema fungua mdomo. Mdomo wangu uliukosa wakati wake. Lakini kuna jambo limetokea tangu hapo.

Ijumaa Mama alinituma sokoni kununua uzi. Bi Ruth alikuwa amevuka kununua samaki wa hoteli yake. Nilitaka kujificha nyuma ya viazi, akaniita kwa sauti ya kuita madereva. Akanivuta pembeni, akanitazama.

"Siku ile hukuswali kwa sababu ya kike. Ndiyo au siyo?"

Niliinamisha kichwa.

"Nina mabinti watatu ndani ya nyumba. Usiku nikiwa kitandani ndipo ikanijia. Nilijipiga hapa," akajipiga paji la uso, "nikasema Ruth, umewaachia wanaume wamtafune mtoto." Kisha akasema, "Aliyeketi chini ya mti huona mengi."

Sikumtaja Babu. Nilitaka, nikashindwa. Naye hakuniuliza jina. Nadhani analo. Alinunua pilipili, akapatana bei kwa muda mrefu, akanirudia.

"Nina wavuvi wanne. Nahitaji wa tano. Katiba haisemi lazima mtu azaliwe Changamwe."

"Wamenifukuza, Bi Ruth."

"Wamekufukuza Tanga. Kombe hawakulisema. Nimeisoma katiba yote, mpaka jalada. Na nimemwandikia mwenyekiti: Changamwe inakuja kwa sharti moja. Adhana ikilia, mishipi yote nje ya maji, ya Mwislamu na ya Mkristo. Amekubali. Angekataa angesema nini?"

Nilikaa pale na uzi mkononi. Mtu wa tano wa Changamwe ndiye atakayelizuia shirikisho lisife, Mamdogo, na Babu atapata kile alichonitoa mimi kafara ili akipate. Lakini nitakuwa nimesimama upande wa pili wa miamba, si mjukuu wa mtu, na nikivua samaki nitajua ni nani aliyemvua. Nikikosa, nitajua pia. Nilimwambia Bi Ruth ndiyo. Nililisema kwa sauti, akashtuka yeye.

Kwa hiyo tangu jana nimeanza kuvuka kwenda Miritini, Jumamosi na Jumapili. Mama anajua nasaidia hotelini, na ni kweli, asubuhi naosha sufuria. Alasiri tunashuka mtoni, pale maji ya bahari yanapoingia bara, Bi Ruth ananifundisha kutupa mshipi kwa mkono wa kushoto maana upepo wa vigingi vyao unatoka kulia. Hanisifu hata kidogo. Jana nilivua changu mdogo kama kiganja. Nilimtazama mdomo kwa muda mrefu, kisha nikamrudisha majini.

Kombe ni tarehe 16 Agosti. Majina ya Changamwe Bi Ruth atayatoa asubuhi ile ile ufuoni, si kabla. Babu akijua mapema atakuja mlangoni kwangu na maneno yake matamu, nami nitasema abee, najijua. Nataka anione kwa macho yake nikiwa nimeshasimama kwenye kigingi, na asiwe na mahali pengine pa kutazama.

Kwa hiyo nakuomba, Mamdogo. Usimwambie Mama, maana Mama huficha kitu kwa kukinong'ona. Na Babu akikupigia kuulizia kahawa, ongea naye kuhusu joto la huko na mabati ya duka. Hili la Changamwe mnalijua wewe na Bi Ruth tu. Lishike.

Dhahabu